Kizuizi cha kovalenti huchagua kabla ya kufunga

Mpishi anayepaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike anatumia papaini, awe anaijua au haijui. Papaini ni proteasi, yaani kimeng'enya kinachokata minyororo ya protini, nayo hupatikana kwa wingi katika utomvu mweupe wa papai ambalo halijaiva. Ni kimeng'enya hicho ambacho watafiti Schechter na Berger walikitumia mwaka 1967 walipoonyesha kwamba proteasi haishiki mnyororo wa protini mahali pa kukata peke yake, bali ina vijishimo kadhaa vilivyojipanga kando ya mahali hapo, kila kimoja kikipokea asidi amino moja. Vijishimo vikapewa majina S1, S2, S3 na kuendelea, na asidi amino zinazoingia humo zikaitwa P1, P2, P3, kwa kuhesabu kutoka mahali pa mkato. Kila anayebuni dawa za kuzuia proteasi bado anazungumza kwa herufi hizo, nami nitazitumia hapa kwa sababu hoja yangu yote imo ndani yake.

Hoja yenyewe ni hii. Kizuizi cha kovalenti ni molekuli inayojifunga kwenye kimeng'enya kwa kifungo kamili cha kikemia, elektroni zikishirikiwa kati ya atomi ya dawa na atomi ya kimeng'enya, tofauti na dawa nyingi ambazo hukaa mahali pake kwa mivutano dhaifu tu. Wengi wanaoanza kusoma kuhusu vizuizi hivi huelekeza macho yao kwenye kundi linalofanya kifungo hicho, ambalo nitaliita ndoano, wakidhani kuwa aliyepata ndoano nzuri amekwisha kupata dawa. Mimi naona vingine. Ndoano humzuia samaki asitoke, lakini chambo ndicho kinachoamua ni samaki gani atakayekuja, na katika proteasi chambo ni sehemu zote nyingine za molekuli, zile zinazojaza S1, S2 na S3 kabla kifungo hakijafanyika.

Sababu yake ya kikemia si ngumu kuiona. Proteasi za serini, za sisteini na za threonini hutumia atomi yao wenyewe, ya oksijeni au ya salfa, kuushambulia mnyororo wa protini, na katika hatua moja ya kazi hiyo hushikamana kwa muda na kile zinachokikata. Zile zinazotegemea metali au asidi aspatiki hutuma molekuli ya maji ifanye shambulio, kwa hiyo hazitoi atomi ya kunaswa kwa urahisi, na ndiyo maana mazungumzo ya vizuizi vya kovalenti hurudi daima kwenye yale makundi matatu ya kwanza. Tatizo ni kwamba proteasi za kundi moja zina atomi ile ile iliyoandaliwa kwa namna ile ile. Salfa ya sisteini namba 25 ya papaini inafanana mno na salfa ya kathepsini, proteasi za binadamu za ukoo huo huo, na pia na ile ya rhodesaini, proteasi ya Trypanosoma brucei rhodesiense, kimelea cha malale ya mashariki na kusini mwa Afrika. Ndoano inayoweza kuinasa moja inaweza kuzinasa zote. Ukiiongezea ukali hupati uteuzi zaidi, unapata kasi zaidi kwa kila kilichopo njiani, pamoja na glutathioni, molekuli ndogo ya kuikinga seli, ambayo imejaa ndani ya seli kwa kiwango cha milimola 1 hadi 10 kwa lita na ina salfa yake iliyo tayari kudakwa. Klorometili ketoni za miaka ya 1960 zilikuwa na thamani kubwa katika maabara, kwa kuwa ziliwaonyesha watafiti ni asidi amino zipi zinazofanya kazi ndani ya kimeng'enya, lakini ukali huo huo ndio uliozinyima nafasi ya kuwa dawa za kumeza.

Inafaa kufanya hesabu kidogo, kwa sababu maneno matupu hapa hupotosha. Kizuizi cha kovalenti kisichoachia hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza molekuli huingia na kukaa kwa mivutano dhaifu, na ubora wa hatua hiyo hupimwa kwa KI, yaani kiwango cha dawa kinachofikisha nusu ya kasi ya juu kabisa ya kufunga, hivyo KI ikiwa ndogo dawa imekaa vizuri. Kisha kifungo hufanyika, na kasi ya hatua hiyo huandikwa kinact. Tuchukue mfano wa kubuni wa vimeng'enya viwili ambavyo ndoano hufungana navyo kwa kinact sawa, 0.001 kwa sekunde, ila cha kwanza kina KI ya nanomola 10 na cha pili kina KI ya nanomola 1,000. Dawa ikiwepo kwa nanomola 10, nusu ya kimeng'enya cha kwanza itakuwa imefungwa baada ya dakika 23 hivi, ilhali cha pili kitahitaji zaidi ya saa 19 kufikia hapo. Huo ni uteuzi mzuri. Sasa pandisha dawa hadi nanomola 10,000. Cha kwanza kitafika nusu kwa muda usiotimia dakika 12, na cha pili kwa muda usiotimia dakika 13. Molekuli haikubadilika, ndoano haikubadilika, vimeng'enya ni vile vile, na uteuzi wote umeyeyuka kwa sababu ya kiwango cha dawa peke yake.

Kwa hiyo ninapokutana na jedwali linalotangaza uteuzi wa mara mia kadhaa kwa kutumia IC50, yaani kiwango cha dawa kinachopunguza kazi ya kimeng'enya kwa nusu, bila kusema kimeng'enya kilikaa na dawa kwa muda gani kabla ya kupimwa, huwa silipi uzito mkubwa. IC50 ya kizuizi kisichoachia hushuka kadiri muda unavyopita, na mpimaji anaweza, hata bila kukusudia, kuchagua dakika inayompendeza. Uwiano wa kinact kwa KI ndio unaopaswa kulinganishwa, na kuupata kunahitaji kufuatilia mwendo wa mmenyuko kwa viwango vingi vya dawa, kazi inayochosha lakini isiyo na njia ya mkato. Ndoano zinazofunguka tena, kama nitrili, aldehidi na ketoamidi, zina faida moja ambayo naiona kubwa kuliko inavyosemwa: zikinasa kimeng'enya kisichokusudiwa zinaweza kukiachia, na baada ya muda mgawanyo wa dawa kati ya vimeng'enya hufuata nguvu ya mshikamano mzima. Kizuizi kisichoachia hakipewi nafasi ya kurekebisha kosa, mpaka seli itengeneze kimeng'enya kipya.

Kisa chenye mafunzo zaidi, kwa maoni yangu, ni cha kathepsini K. Binadamu ana kathepsini 11 za sisteini, zote za ukoo wa papaini, na nyingi hufanya kazi ndani ya lisosomu, vile vijifuko vyenye asidi ambamo seli huvunjavunja kile isichokihitaji. Kathepsini K hutengenezwa kwa wingi na osteoklasti, seli zinazomeng'enya mfupa, na ni hodari wa kukata kolajeni. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye mfupa wake unaliwa haraka kuliko unavyojengwa, kuzuia kimeng'enya hiki ni wazo lenye mantiki, na kampuni kadhaa ziliingia katika kazi hiyo kwa wakati mmoja.

Balicatib, dawa ya majaribio ya kampuni ya Novartis, ilikuwa na ndoano ya nitrili, na ilipopimwa kwenye vimeng'enya vilivyosafishwa ilichagua kathepsini K kwa tofauti kubwa dhidi ya kathepsini B, L na S. Lakini molekuli ilikuwa na naitrojeni yenye tabia ya besi. Molekuli ya namna hiyo ikiingia ndani ya lisosomu hupokea protoni kutoka kwenye asidi iliyomo, hupata chaji, na kwa kuwa na chaji hushindwa kupenya utando ili itoke, hivyo hujikusanya humo kwa kiwango kinachozidi sana kile kilichopo nje ya seli. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya dawa ya Merck walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba vizuizi vya kathepsini K vyenye besi hupata nguvu dhidi ya kathepsini nyingine ndani ya seli hai, na uteuzi ulioonekana kwenye mirija ya maabara hupungua sana. Hesabu ya hapo juu ilihusu kizuizi kisichoachia, na nitrili huachia, lakini jambo la kiwango ni lile lile: ukirundika dawa ya kutosha mahali pamoja, tofauti za mshikamano hazikulindi tena. Watu waliopewa balicatib katika majaribio wakaanza kupata ngozi iliyokakamaa na kuwa nene, na kazi ikasimamishwa.

Walichofanya Merck walipobuni kizuizi chao cha kathepsini K, odanacatib, ni kazi ya mafundi. Nitrili iliachwa mahali pake. Besi iliondolewa kabisa. Amidi moja kati ya P2 na P3 ilibadilishwa na kuwekwa amini iliyo jirani na kaboni yenye florini tatu, ambayo huvuta elektroni kiasi kwamba naitrojeni hiyo inabaki na uwezo wa kutoa hidrojeni yake kwa kimeng'enya bila kuwa besi ya kujikusanya kwenye lisosomu. Kwenye P2 waliweka leusini yenye florini ili ini lisiishambulie haraka. Matokeo yalikuwa molekuli ya kumeza mara moja kwa wiki, inayochagua kathepsini K ndani ya seli kama inavyoichagua nje yake. Anayetaka kuona chambo kikibadilishwa huku ndoano ikibaki ile ile hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Mwisho wa odanacatib hata hivyo haukuwa mzuri. Jaribio kubwa lilihusisha wanawake zaidi ya 16,000, na mwaka 2012 kamati huru ilipendekeza lifungwe mapema kwa sababu manufaa yalikuwa yameshaonekana: mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 47 na ile ya uti wa mgongo iliyoonekana kwa eksirei kwa asilimia 54. Ufuatiliaji uliofuata ulionyesha ongezeko la kiharusi kwa waliotumia dawa, na mwaka 2016 Merck wakaiacha. Kathepsini K haipo kwenye mfupa peke yake, kwani imeonekana pia kwenye mishipa ya damu iliyojaa utando wa mafuta. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya viharusi vile, lakini nasema kwamba molekuli inayochagua kimeng'enya kimoja kikamilifu itakizuia kimeng'enya hicho kila kilipo, na mbunifu anayesherehekea uteuzi dhidi ya kathepsini 10 nyingine ajiulize pia kuhusu viungo vingine ambamo kathepsini yake inaishi.

Nirmatrelvir, ambayo pamoja na ritonavir ndiyo Paxlovid, dawa ya UVIKO-19 ya kampuni ya Pfizer, ilipata njia nyepesi zaidi kwa sababu kirusi chenyewe kiliwapa wabunifu chambo. Proteasi kuu ya SARS-CoV-2, kirusi cha UVIKO-19, hukata mnyororo mrefu wa protini ya kirusi katika sehemu 11 au zaidi, na karibu kila mara hukata baada ya glutamini kwenye P1. Proteasi za binadamu zenye upendeleo huo hazijulikani. Kwa hiyo laktamu ndogo yenye pete ya atomi tano, inayoiga glutamini, hukaa vizuri kwenye S1 ya kirusi na hukosa mahali pa kukaa kwenye karibu kila proteasi yetu. Kampuni hiyo ilikuwa tayari na molekuli ya miaka ya SARS ya kwanza, yenye ndoano ya hidroksimetili ketoni, ambayo tatizo lake lilikuwa kutofyonzwa vizuri tumboni. Timu iliyoongozwa na Dafydd Owen ilipunguza idadi ya hidrojeni zinazoifanya molekuli ing'ang'anie maji, ikaweka prolini yenye pete mbili zilizoungana kwenye P2 na kikundi chenye florini upande wa mbali, na ilipofika kwenye ndoano ikachagua nitrili, kwa sehemu kwa sababu ilikuwa rahisi kutengenezwa kwa wingi na iliyeyuka vizuri. Nitrili hufungana na salfa ya sisteini namba 145 na inaweza kuachia. Ritonavir haifanyi chochote kwa kirusi hicho, kazi yake ni kulizuia ini lisiimalize nirmatrelvir mapema, na ndiyo inayosababisha ile orodha ndefu ya dawa zisizopaswa kutumiwa pamoja na Paxlovid. Idhini ya dharura ya Marekani ilitolewa Desemba 2021, chini ya miaka miwili tangu kirusi kitambuliwe, na kasi hiyo isingewezekana kama S1 ya kirusi ingefanana na za kwetu.

Upo mfano mmoja unaopinga hoja yangu, na ni haki kuueleza. Proteasomu ni mtambo mkubwa wa seli unaokata protini zilizokwisha muda wake, na threonini inayofanya kazi ya kukata ni asidi amino ya kwanza kabisa kwenye mnyororo wake, hivyo ina kundi la amino lililo huru pembeni mwa oksijeni yake. Bortezomib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa saratani ya uboho iitwayo maieloma, hutumia ndoano ya boroni, na boroni hupenda oksijeni bila kujali sana ni ya threonini au ya serini. Carfilzomib, iliyofuata mwaka 2012, hutumia epoksiketoni, ndoano yenye ncha mbili, ambayo moja hushika oksijeni na nyingine hushika amino, na pete hufungika. Proteasi ya serini au ya sisteini haina amino huru mahali hapo, kwa hiyo haiwezi kukamilisha pete. Mwaka 2000 pete hiyo ilielezwa kuwa ya atomi sita, na mwaka 2016 picha zilizo wazi zaidi zikaonyesha kuwa ni saba, jambo linalonikumbusha kwamba hata umbo la ndoano maarufu linaweza kusomwa vibaya kwa miaka 16. Bortezomib huleta ganzi na maumivu ya neva kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko carfilzomib. Wapo walioripoti mwaka 2011 kwamba tofauti hiyo inatokana na proteasi za serini zinazonaswa na boroni, na wapo waliopinga baadaye, nami nimeona tu kwamba ndoano inaweza kuchagua pale ambapo kemia ya adui ina kitu cha pekee. Hali hiyo ni nadra. Kathepsini 11 hazina anasa hiyo.

Proteasomu inaturudisha karibu na nyumbani. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, nacho kina proteasomu, na kinaihitaji sana kinaposhambuliwa na artemisinini, kwa kuwa dawa hiyo huharibu protini zake nyingi kwa pamoja na mabaki hayo lazima yaondolewe. Ukizuia proteasomu ya kimelea unaifanya artemisinini iwe kali zaidi. Jambo hili lina uzito kwa ukanda wetu, kwa sababu mabadiliko ya jeni ya K13 yanayochelewesha kuisha kwa vimelea yamekwisha kuripotiwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera nchini Tanzania. Lakini threonini ya kimelea na threonini ya mgonjwa zinafanana, na hapa hakuna ndoano ya kutofautisha. Bortezomib huua vimelea vya malaria kwenye maabara, na hakuna daktari atakayempa mtoto mwenye homa.

Mwaka 2016 kikundi cha mtafiti Matthew Bogyo na wenzake kilichapisha njia ya kutoka. Waliipa proteasomu ya kimelea na ile ya binadamu mchanganyiko wa peptidi nyingi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, wakaangalia kila moja inakata wapi, na wakaona kuwa ya kimelea inapenda triptofani, asidi amino kubwa kuliko zote, mahali ambapo ya binadamu haivutiwi nayo sana. Picha za proteasomu hiyo zikaeleza kwa nini: mfereji wa moja ya sehemu zake za kukatia uko wazi zaidi. Wakajenga peptidi fupi yenye triptofani upande wa P3 na leusini mbili zinazofuata, wakaifungia ndoano ya vinili salfoni, ambayo haiachii, na kwa panya walioambukizwa malaria dozi moja iliondoa karibu vimelea vyote bila panya kuonyesha madhara makubwa. Vinili salfoni ile ile, ikiwekwa mbele ya chambo kingine, hunasa proteasomu za binadamu bila shida.

Kazi hiyo haijawa kidonge. Peptidi fupi hukatwakatwa tumboni na kwenye damu, na ndoano isiyoachia ni vigumu kuitetea kwa dawa itakayopewa watoto na wajawazito kwa mamilioni. Vikundi vingine vimerudi kwenye boroni na kubadilisha kila kitu kinachoizunguka mpaka ikaacha kuipenda proteasomu ya binadamu. Vingine vimeiondoa ndoano kabisa, vikakunja peptidi kuwa duara ili isikatwe kwa urahisi, na molekuli hizo, zisizofanya kifungo chochote cha kovalenti, bado huchagua proteasomu ya kimelea na kuiacha ya mgonjwa.